Saa Tupu ya Zuhura

Ninyi mnaoshika bisibisi ndogo siku hizi, mnaoangalia video kwenye simu kwanza ndipo mnafungua mfuniko wa saa, kaeni kidogo. Sijaja kuwapa darasa. Nimestaafu, macho yamegoma, na kibaraza nilichokuwa nafanyia kazi pale Karatu, mbele ya duka la vitambaa, sasa pana mtu anauza chaja na kava za simu. Nilichobaki nacho ni maneno, na hayo nimeyahesabu mara mbili kabla ya kuyaandika. Ndivyo nilivyo. Nikinunua nyanya nazihesabu zikiwa kwa muuzaji, halafu nazihesabu tena zikiwa kikapuni. Muuzaji akinuna namwambia simshuku yeye, nakishuku kikapu.

Nilikuwa sonara na fundi saa, na ni mwanamke. Walikuwepo wateja wanaofika mezani wananikuta na lenzi jichoni, wananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Najibu ametoka kidogo, wewe acha saa. Wakirudi saa inatembea, wananiachia shukrani nimfikishie. Nilimfikishia zote.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, Mzee Issa, aliyetoka Kondoa na mizani yake ikiwa imefungwa kwenye shuka, akaweka meza Karatu wakati gari la watalii likipita watoto wanakimbilia barabarani kulitazama. Hakuwa mtu wa maelezo. Siku ya kwanza alinifunga kitambaa shingoni, akabana ncha ya chini kwa misumari kwenye ubao wa meza, nikabaki nimeunganishwa na meza kama ndama na kigingi. Nikafikiri ananitania. Baadaye skrubu ikaruka, ikaangukia kwenye kitambaa badala ya sakafuni, nikaelewa. Skrubu ya saa ya kike ikigusa sakafu ya udongo, usiitafute. Isomee dua uendelee na maisha.

Sheria yake ya pili ilikuwa kuhesabu skrubu unapofungua na kuzihesabu tena unapofunga. "Ikibaki moja mezani," alisema, "ujue kuna mtu anatembea mjini na shimo mkononi."

Ya tatu ni vumbi. Wanaosifia saa zao kwamba haziingii maji huko zilikotengenezwa hawajapita barabara ya Endulen wakati wa kiangazi. Vumbi letu ni laini kama unga wa ulezi, linaingia hata pale maji yaliposhindwa. Nyunyiza maji sakafuni asubuhi, fungua saa kabla jua halijapanda, na magari yakianza kuteremka kutoka Ngorongoro alasiri, funika kila kitu ule mihogo.

Sasa niwaambie kuhusu saa tupu, maana naona mnazipenda, na naona mnaziharibu.

Ya kwanza kuiona ililetwa na mgeni mmoja wa kike pamoja na dereva wake. Mkanda ulikuwa umelegea. Nikaitazama usoni: nyeupe, haina namba, haina vidoti, haina jina, mishale miwili tu myembamba kama nyuzi za katani. Nikaiweka chini ya lenzi kutafuta mabaki ya rangi. Hakuna. Nikamwambia dereva, "Mweleze mama pole sana, namba zake zimefutika zote. Nitamwandikia upya, na kwa kuwa ni zote kwa pamoja nitampunguzia."

Dereva akatafsiri. Yule mama alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kumbe ndivyo ilivyozaliwa. Nikamuuliza dereva inauzwaje huko kwao, akanitajia. Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimemsikia vizuri mara ya kwanza, ila kiasi kile kilistahili kusikika mara mbili.

Walipoondoka nikamsimulia Mzee Issa kama kichekesho: watu wanalipa ili waondolewe namba. Hakucheka. Aliuliza, "Ukingo wake ulikuwaje?" Nikasema haukuwa na kitu. "Nauliza ulikuwaje." Nikakumbuka kwamba unene wake ulikuwa uleule mzunguko mzima, kama umemiminwa wenyewe. Akaitikia kwa kichwa. "Saa ya vito ni sebule ya mapazia. Ukuta ukipasuka, unavuta pazia. Huyo aliyetengeneza hiyo hakuwa na pazia la kuvuta."

Tangu hapo nikawa naziangalia kila zinapopita. Kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai kutoka Endulen aliyekuwa akiniletea mikanda ya shanga ya kufungia saa za wageni, kazi safi, kila rangi mahali pake. Siku moja nilimwonyesha saa tupu ya mteja, ya dhahabu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia kwa huruma. "Hii bado haijavaa," akasema. Nami moyoni nikasema, ndiyo, na ndiyo maana haina pa kujificha.

Katikati hapo simu zikaja zikatuua. Mtu akitaka kujua saa anatoa simu, na akitaka kuonekana anatoa simu kubwa zaidi. Meza za mafundi saa zikafungwa moja moja. Mimi nilipona kwa sababu ya upande wa pili wa mizani: dhahabu. Watu hawakuhitaji tena saa ya kuwaambia wakati, ila bado walihitaji kitu cha kuvaa mkononi siku ya harusi. Ndipo nikafikiwa na Zuhura.

Zuhura alikuwa msichana wa hapohapo mjini, anafanya kazi duka la zawadi la hoteli moja kule juu ukingoni mwa kreta. Alikuwa anaolewa na Idrisa, kijana dereva wa watalii. Alikuja mezani kwangu akiwa na sare ya kazi, akakaa kwenye kigoda bila kuangalia vioo vya kabati, nikajua huyu anajua anachotaka. Wateja wa aina hiyo hawana faida katika kupatana.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Pete?"

"Saa. Nimeitaja kuwa mahari yangu. Saa ya dhahabu, bangili na saa kitu kimoja. Nyembamba. Isiwe na namba, isiwe na kito, isiwe na ua."

"Iwe na nini sasa?"

Akacheka. "Iwe na wakati, Bibi." Kisha akasema taratibu, "Pale dukani wanapita wanawake wamejaa vito mpaka shingoni. Wakitoka mlangoni nimeshawasahau. Alipita mmoja ana kipande kimoja tupu mkononi, mwaka gani sijui, mpaka leo naweza kukuchorea."

Na akanichorea, kwa kalamu yangu, nyuma ya pakiti ya betri. Duara na mistari miwili. Mchoro wa kitoto, ila ukingo wake ulikuwa sawasawa.

Dhahabu ilitoka upande wa bwana harusi. Mama yake Idrisa alifariki kijana akiwa mdogo, akaacha bangili nne nene za kizamani, zimechongwa majani na nyota. Aliyezitunza na kumlea Idrisa ni dada wa marehemu, Bi Mayasa, mwenye duka la kanga sokoni. Mkiwahi kununua kanga kwa Bi Mayasa mkapunguziwa, nijulisheni, niwapeleke hospitali mkapimwe. Mimi na yeye tumepatana bei kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuondoka mezani akiwa amefurahi kuliko mwenzake.

Alikuja na Idrisa. Bangili zilikuwa zimefungwa kwenye leso, leso ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkoba, mkoba chini ya baibui. Nikamwonyesha mchoro wa Zuhura. Akautazama muda mrefu, akageuza pakiti ya betri kuona kama mengine yako upande wa pili.

"Mchoro uliobaki uko wapi?"

"Ndio wote, Mama Mkubwa," Idrisa akasema kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa garini.

"Nyamaza, wewe endesha gari." Akanigeukia. "Bibi Fundi, mimi na wewe umri wetu ni mmoja. Usiniletee mambo ya hotelini. Hii itanyanyuliwa mbele ya watu siku ya sanduku. Wanawake watakuwa wamejaa mpaka barazani. Aliye nyuma ataona nini? Weka vito kumi na viwili, kila saa na chake."

"Hakuna hata kimoja."

"Vinane."

"Bi Mayasa, hatuuzi vitunguu."

"Ndiyo maana nashuka haraka. Vinne, basi. Pembe nne."

"Uso wa duara hauna pembe."

"Kimoja! Kimoja tu juu, kama nyota. Kimoja hakimuui mtu."

"Kitaiua saa nzima. Ukiweka kito kimoja kwenye uso mtupu, hakuna atakayeona saa tena. Ataona kito, halafu ataona ni kidogo."

Hapo akaacha kushuka, maana ni mfanyabiashara na anaelewa kitu kuonekana kidogo. Idrisa akajaribu tena. "Aliyeomba ni Zuhura, Mama Mkubwa. Mahari ni yake."

"Na dhahabu ni ya nani?"

Bi Mayasa akafungua leso, akavaa bangili zote nne mkononi mwake, akatikisa mara moja. Zikalia. Mwenye duka la vitambaa akageuka kutazama.

"Umesikia?" akaniambia, na safari hii hakuwa anapatana. "Dada yangu alikuwa anasikika sokoni kabla hajaonekana. Watu walikuwa wanasema, huyo anakuja. Ukishaziyeyusha, ndio basi, hakuna moto unaorudisha. Mnataka nimgeuze kitu kisichoonekana wala kusikika?"

Vijana, hapo mtafika siku moja. Aliye mbele yako ana haki, na yule ambaye hayupo, atakayevaa kitu hicho miaka yote, ana haki pia. Ukiweka nusu ya huyu na nusu ya yule, unapata kitu ambacho wote wawili watakifungia kabatini. Mimi nilimwambia Bi Mayasa ukweli wa kazi: saa itakuwa nzito, dhahabu yote ya dada yake itakuwemo isipokuwa chenga, na chenga nitamrudishia kwenye karatasi. Akauliza, "Itang'aa?" Nikamwambia Zuhura anapenda dhahabu iliyofifishwa kwa msasa. Akasema, "Basi vito nimewaachia. Lakini ing'ae. Ing'ae mpaka nione meno yangu."

Nikampigia Zuhura simu palepale. Nikamtahadharisha: dhahabu ya kung'aa isiyo na nakshi inakamata kila alama ya kidole, utafuta kutwa. Akavuta pumzi. "Ing'ae basi, Bibi. Namba tu, hapana."

Bi Mayasa akavua bangili moja moja, akaziweka mwenyewe kwenye mizani. Nikapima mara mbili. Ya kwanza aliangalia mizani, ya pili aliniangalia mimi.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema machache, yale yatakayowafaa. Nilitumia mashine ndogo ya saa ya zamani ya kike niliyoirithi kwenye droo ya Mzee Issa, ile ya kutiwa ufunguo kwa kidole kila asubuhi. Bi Mayasa alinikebehi, "Kama redio ya babu?" Ila mashine za betri zilizokuwa zikifika Karatu zilikuwa nene kuliko hiyo, halafu zinagonga kwa uvivu, pigo moja kila sekunde. Hii ya ufunguo inagonga haraka na laini, kama moyo wa kifaranga ukimshika. Uso nilikata kwa dhahabu ileile ya bangili. Wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo mwembamba kuliko unywele. Kwenye saa ya kawaida ningeuficha chini ya namba tatu. Nikaurudisha kwenye chungu cha kuyeyushia. Wa pili vumbi lilinipata nikiwa nang'arisha, nikaurudisha. Wa tatu niliufanya alfajiri, sakafu imeloa, barabara bado haijaamka. Kitambaa cha kung'arishia kipite upande mmoja tu, mkono usirudi nyuma. Mishale ikatwe mpaka ncha ya ule mrefu ikaribie ukingo bila kuugusa, kwa sababu pasipokuwa na namba, jicho linasoma hiyo nafasi iliyobaki. Na unapofika mahali unapotamani kuongeza kitu kidogo, hata mstari, simama, kanywe chai. Mara nyingi ni wasiwasi wako unaotafuta pazia.

Siku ya sanduku nilialikwa. Kwa msiojua: jioni ya kuamkia ndoa, wanawake wa upande wa bwana harusi wanapeleka sanduku nyumbani kwa bibi harusi, linafunguliwa mbele ya wote, kila kitu kinanyanyuliwa na kutangazwa, na vigelegele vinapigwa kwa kadiri ya kitu. Bibi harusi yuko chumba cha ndani nyuma ya pazia, anasikiliza vitu vyake vikipimwa kwa makelele. Mtangazaji alikuwa Bi Tatu, mwanamke mwenye sauti ambayo ingeweza kufanya kazi ya king'ora.

"Kangaaa! Doti sita!" Vigelegele. "Viatu, vina kisigino, atatuona wafupi!" Vicheko na vigelegele. Manukato, vitenge, mkoba. Kisha akafungua kiboksi changu, akanyanyua kilichomo juu ya kichwa.

"Bangili! Moja!"

Vigelegele vilikuja vichache, vya adabu. Bi Tatu akaiweka pembeni juu ya kanga, akaendelea kupapasa sandukuni, akanyanyua bitana, akagonga chini kwa vidole. Akainua uso.

"Na saa?"

Kila mtu alijua Zuhura ametaja saa. Shangazi yake, aliyekaa mbele kabisa, akakunja mikono. "Tuliambiwa saa ya dhahabu. Bangili hatukuomba. Kama haipo mseme, tumjulishe shehe mapema asihangaike kuja kesho."

Wanawake wa upande wa Idrisa wakamtazama Bi Mayasa. Bi Mayasa akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na kalimati mdomoni. Nawaambia ili mjue fundi huwa katika hali gani kazi yake inapohukumiwa. Bi Mayasa alikuwa na haki ya kusimama na kusema niliwaambia, niliomba hata kito kimoja. Nilimuona anasimama, nikameza kalimati nzima.

Alimpokonya Bi Tatu ile "bangili", akapita katikati ya watu akikanyaga pindo za mabaibui, mpaka nyuma kabisa alikokaa bibi yake Zuhura juu ya mkeka. Yule bibi alikuwa haoni vizuri tena, kila kilichonyanyuliwa jioni ile kwake kilikuwa kivuli. Bi Mayasa akachuchumaa, akamwekea sikioni.

"Nyamazeni," akasema.

Jikoni mtu aligonga sufuria, akafokewa na watu watatu kwa pamoja.

Bibi akasikiliza, kichwa kimeinama. Kisha akatabasamu mpaka ufizi.

"Inatembea," akasema. "Ni saa hii. Na nzito, jamani. Shikeni muone."

Bi Mayasa akasimama. "Hizo ni bangili za dada yangu. Mlizisikia sokoni, wengine wenu mlikuwa mnasema huyo anakuja. Sasa mzisikilize hivi."

Akampa aliye jirani. Yule akaiweka sikioni, akafumba macho, akampa mwenzake. Ikaenda hivyo, sikio kwa sikio, safu kwa safu, na ukumbi mzima wa wanawake waliokuja kupiga kelele ukakaa kimya kabisa, kila mmoja akisubiri zamu yake. Wengine waliipima kiganjani kabla ya kuitoa. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama kuna nyingine. Bi Tatu mwenyewe aliisikiliza mara mbili na hakupaza sauti.

Mimi nilikuwa nahesabu. Vichwa vya ndani, vichwa vya barazani, milango miwili, na dirisha moja lisilo na nondo. Kitu kile kilikuwa dhahabu yote ya marehemu na mahari yote ya Zuhura, na kilikuwa kinapita kwenye mikono nisiyoijua. Nilipomaliza kuhesabu nikaanza upya. Kilipofika kwa shangazi aliyekunja mikono, ikambidi azikunjue. Alikaa nacho sikioni kuliko wote. Halafu akanyanyuka mwenyewe akakipeleka kwenye pazia.

"Mahari imetimia," akasema, na hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, nafikiri hata nyani wa msituni kule juu waligeuka.

Tuliingia chumbani mimi na Bi Mayasa. Zuhura alikuwa kitandani, hina haijakauka vizuri miguuni, saa ameishika kwa ncha za vidole. Ile dhahabu niliyoikeshea, niliyoitupa chunguni mara mbili kwa mkwaruzo wa unywele, haikuonyesha tena meno ya mtu. Ilikuwa imejaa alama za vidole, mafuta ya kalimati, manukato, alama juu ya alama, mzunguko mzima.

Nikatoa kitambaa changu laini mfukoni. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye saa Bi Mayasa aliponishika kifundo.

"Iache leo," akasema. "Watu wote hawa wamemshika mkono dada yangu."

Nilimtazama Zuhura. Naye akatikisa kichwa, akaivaa vilevile.

Nikakikunja kitambaa mara mbili, nikakirudisha mfukoni.